Kama Hiyo Ni Jazz, Basi Hata Mjomba Wangu Anapiga Jazz

Wasee, leo sina vichekesho. Niko na hasira, na hasira yenyewe ina sababu, kwa hivyo vuta kiti tuongee.

Unalijua bango la tamasha la jazz hata kabla hulijaliona. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kuna jina la mgeni kutoka Marekani au Afrika Kusini. Picha yake yuko na saksafoni, macho amefunga. Katikati kuna mgeni wa pili. Halafu huko chini, kwa herufi ambazo lazima uvute simu na vidole viwili ndio usome, wanakuja Wakenya. Na chini ya hao Wakenya, kabla tu ya nembo za wadhamini, wameandika "na wengine wengi".

Leo naongea kuhusu hao "wengine wengi". Kwa sababu mmoja wao ni mjomba wangu.

Mjomba tunakaa naye hapa Kinanie. Katikati ya wiki ni fundi wa mawe. Hizi nyumba zinazoota kila siku ukielekea Joska, kuna kuta kadhaa ni za mkono wake. Wikendi anapiga gitaa la solo kwenye bendi ya benga ya Kikamba. Amelipiga kabla mimi sijazaliwa: harusi, harambee, baa za Athi River na Mlolongo, na kila baada ya miaka mitano kampeni za mwanasiasa yeyote mwenye doo. Vidole vyake vina sugu za aina mbili, za mawe na za nyuzi.

Mwaka mmoja bendi yao iliitwa Nairobi, kwenye tamasha la jazz. Jina la tamasha nalihifadhi, sitaki kupelekana kortini na mtu. Nyumbani ilikuwa sherehe. Mama alimpigia mjomba shati pasi mara mbili. Mimi na binamu yangu, mtoto wake, tukaenda kumbebea amplifaya na waya. Binamu alikuwa na miaka 15 wakati huo, na manze, alikuwa na furaha mpaka alikuwa anaongea peke yake kwenye matatu.

Tukafika. Jukwaa kubwa, taa, moshi, kila kitu. Lakini hatukupelekwa jukwaani. Tulipelekwa kando ya hema za chakula. Bendi ya mjomba ilikuwa pale "kuchangamsha wageni wakiingia". Saa nane mchana, jua kali, mbele yao watu kama kumi hivi, na wengi wao walikuwa kwenye foleni ya chipsi. Baada ya nyimbo mbili, kijana fulani mwenye kitambulisho shingoni akaja kusema wapunguze sauti, jukwaani wanapima mitambo. Baada ya nyimbo nne akarudi kusema inatosha. Malipo? Nauli na sahani ya pilau, halafu "zile zingine tutawatumia kwa simu". Zilikuja baada ya miezi mitatu. Zilikuwa nusu.

Mjomba hakulalamika. Alibaki mpaka usiku, akasimama huko nyuma kabisa kumsikiliza yule mgeni wa bangoni, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Tukirudi akasema, "Yule mtu anajua kazi. Lakini ile sehemu ya mwisho, ile alikuwa anaizungusha na kuizungusha mpaka watu wakasimama, si hiyo ndio sisi hufanya kila Jumamosi?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Tuanze na hilo neno lenyewe, jazz. Watu wanalibeba kama glasi ya divai, ati ni kitu cha kuletwa, lazima ulijifunze ukubwani. Acha nikukumbushe. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa miaka ya 30. Morogoro Jazz ilianza 1944, na baadaye ikatupa Mbaraka Mwinshehe. Kulikuwa na Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na kule Tanga Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kinshasa, Franco na wenzake wakaunda OK Jazz mwaka wa 1956. Na hapa kwetu Kenya, D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliita bendi yake Shirati Jazz na akapiga benga mpaka serikali ikamwogopa. Wazazi wetu na wazazi wao walikuwa wanasema "twende jazz" kabla huyu jamaa wa kutupangia bango hajazaliwa.

Najua utaniambia nini. "Buda, hizo zilikuwa bendi za dansi. Ziliitwa jazz tu, lakini zilipiga rumba na benga. Jazz ya kweli ni ingine."

Sawa. Twende basi mpaka kwa hiyo jazz ya kweli. Ilizaliwa New Orleans, na haikuzaliwa kwenye ukumbi wa watu waliokaa kimya. Ilizaliwa barabarani, kwenye maandamano ya mazishi, kwenye vilabu na kumbi za dansi. Duke Ellington alijenga jina lake kwenye klabu, watu wakinywa na wachezaji wakirusha miguu. Ni miaka ya 40 ndio kina Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuja na bebop, muziki wa kasi na wa kukunja akili, na watu wakaanza kukaa chini kusikiliza. Ni hatua kubwa, siipingi. Lakini ilikuwa hatua ndani ya jazz. Haikufuta dansi iliyoitangulia. Kwa hivyo ukisema benga haiwezi kukaa kwenye tamasha la jazz kwa sababu watu wanaicheza, umemfukuza Duke Ellington pia. Mwambie mwenyewe.

Halafu sikiliza benga yenyewe, usiisikie tu ukipita nje ya baa. Waimbaji wanamaliza ubeti, wanarudi nyuma. Solo inachukua usukani. Besi inasukuma kutoka chini, ngoma zinakaza, na mpiga solo anaanza kusema vitu ambavyo hakuvipanga asubuhi. Akiona watu wamewaka, anaendelea. Akiona wamepoa, anabadilisha. Mtu na chombo chake wanaamua papo hapo mbele ya watu. Hiyo kitu, ikifanywa na mtu wa Chicago, tunaiita ubunifu wa papo hapo na tunapiga makofi baada ya kila solo. Ikifanywa na mtu wa Matungulu, tunaiita kelele za baa.

Sisemi benga na bebop ni kitu kimoja. Sio. Jazz ya Marekani ina kodi nzito ambazo mjomba hajawahi kuzihitaji, na mjomba ana hesabu za vidole ambazo wao hawana. Ninachosema ni kwamba mlango wa tamasha za jazz haujawahi kuwa mwembamba hivyo. Tamasha la Montreux kule Uswisi lilianza 1967, na jukwaa lake limebeba mpaka Deep Purple, David Bowie na Prince. Hakuna mtu alisimama mlangoni kuuliza kama hiyo ni jazz. Gitaa la roki linapita, gitaa la Kikamba linaambiwa likakae karibu na chipsi? Basi tuache kujifanya hii ni mambo ya muziki. Ni mambo ya heshima.

Na kitu kinachonichoma zaidi ni kwamba wale wenyewe tunaowaita wakubwa walituheshimu kabla sisi hatujajiheshimu. Mwaka wa 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi albamu inaitwa "Uhuru Afrika". Soma tena hilo jina. Kiswahili. Ndani yake kuna Kiswahili kinachosemwa, New York, miaka mitatu kabla Kenya haijapata uhuru wake. Serikali ya makaburu kule Afrika Kusini ikaipiga marufuku. Halafu 1971, Herbie Hancock, mtu ambaye ukimtaja kwenye tamasha la jazz kila mtu anainamisha kichwa, alitoa albamu inaitwa "Mwandishi". Yeye mwenyewe alilitumia hilo jina. Bendi yake yote ilitumia majina ya Kiswahili. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali.

Mchezaji, Mganga, Jabali! Ungekutana na majina hayo kwenye bango hapa Nairobi leo, ungedhani ni bendi ya kule kwa hema.

Sasa, mimi sio wa kupiga mawe kila kitu. Kilicho kizuri nakisema. Safaricom Jazz ilipoanza 2014 ilifanya kazi. Ilileta Jonathan Butler, Kirk Whalum, Branford Marsalis, majina ambayo wengi wetu tulikuwa tunayasikia kwa redio tu. Pesa za tiketi zilienda kwa Ghetto Classics, ule mradi wa Korogocho ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, ambao unawafundisha watoto wa mtaa muziki wa vyombo. Bob Collymore, aliyekuwa bosi wa Safaricom mpaka alipofariki Julai 2019, aliupenda huo muziki kweli kweli, na yeye mwenyewe alikuwa anajifunza saksafoni. Na wasanii wetu walipanda: Aaron Rimbui, Kato Change, Eddie Grey, Nairobi Horns Project, Shamsi Music. Juma Tutu na Swahili Jazz Band yake wanapiga saksafoni na Kiswahili pamoja, na hakuna kinachovunjika. Kwa hivyo usiniambie haiwezekani. Inawezekana, na imeshafanyika.

Shida ni kwamba imefanyika kama fadhila. Msanii wa hapa akipanda jukwaa la jazz, ni kwa sababu mtu fulani mwenye moyo mzuri na bajeti aliamua. Siku huyo mtu hayupo, au bajeti ikikatwa, tunarudi kwa "na wengine wengi". Heshima inayotegemea moyo wa mtu mmoja ni mkopo tu.

Waandaaji watasema, "Sisi ni biashara. Mgeni ndiye anauza tiketi." Na hapo, wasee, hapo ndipo kidole kinageuka kinatuangalia sisi.

Kwa sababu ni kweli. Sisi ndio hufika saa moja usiku. Geti linafunguliwa saa saba mchana, bendi tatu za Kenya zinapiga mbele ya nyasi, sisi tuko nyumbani tunachagua viatu. Tunafika mgeni akiwa karibu kupanda, tunapiga picha nne, tunaandika "jazz ni maisha", tunaenda. Halafu mwandaaji akihesabu watu wa saa tisa mchana anaona kumi. Mwaka unaofuata anawapunguzia dakika. Sisi ndio tuliandika lile bango, yeye alilichapisha tu.

Na mimi niko kwenye hiyo kesi, sijitoi. Nilimjua Kirk Whalum, yule aliyepuliza saksafoni kwenye ule wimbo mkubwa wa Whitney Houston, miaka mingi kabla sijaketi kumsikiliza Kakai Kilonzo hata wimbo mmoja mzima. Kakai Kilonzo, na Kilimambogo Brothers! Siku hakuna ukungu, mlima wa Kilimambogo nauona kutoka hapa Kinanie. Nimekua nikiutazama. Huyo mtu aliimba kwa Kikamba, akaimba kwa Kiswahili ili Kenya yote imsikie, na akafariki 1987 akiwa bado kijana. Mimi nilimjua kama "muziki wa wazee kwa gari". Aibu ni yangu.

Kuna mwingine atasema benga ni ya kijijini. Wacha hiyo. Wanasiasa wakitaka kura za Ukambani hawaleti saksafoni, wanaleta benga. Ken wa Maria akipanda jukwaa Machakos hakuna mtu anauliza njia. Yaani huu muziki unafaa kumpeleka mtu bungeni, lakini haufai kupiga dakika 45 baada ya jua kutua? Kwani tunamwonea nani haya?

Basi nataka nini? Nataka vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji muujiza.

Kwanza, mkataba na pesa. Kila bendi, iwe ya New York au ya Kinanie, ipewe karatasi iliyosainiwa kabla ya siku ya shoo. Nusu ilipwe kabla, nusu usiku huo huo kabla waya hazijakunjwa. Tuko nchi ya kutuma pesa kwa simu, usiniambie inachukua miezi mitatu. Na tafadhali mtu asitaje "kujulikana". Mjomba anajulikana tayari. Duka la mawe halikubali kujulikana.

Pili, saa. Weka angalau bendi moja ya hapa katikati ya wageni wawili usiku, kwenye jukwaa kuu, na sauti ile ile na taa zile zile. Watu wakiwa wamejaa. Waache waamue kwa masikio yao.

Tatu, wapige pamoja. Mgeni akija, asishuke ndege saa nane na kupanda jukwaa saa mbili. Akae siku moja na mpiga solo wa benga kwenye chumba cha mazoezi. Randy Weston alienda kuishi Tangier, Moroko, akapiga na Wagnawa kwa miaka, na muziki wake ukabadilika. Wageni wazuri wanataka hiyo. Wanachoka kuja Afrika na kuonyeshwa hoteli.

Nne, leteni hii kitu huku. Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Jazz, UNESCO waliitangaza 2011. Kila mwaka Nairobi inaadhimisha, Machakos tunaangalia kwa simu. Tuna People's Park pale Machakos. Tuna vijana. Mtoto wa Kinanie akitaka kushika saksafoni lazima apande magari mawili. Kama Korogocho iliweza, huku kunashindikana nini?

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo na sio mwaka jana.

Binamu yangu sasa ana miaka 17. Anajua solo kuliko baba yake, na hiyo mjomba mwenyewe husema, akijifanya ana hasira. Wiki mbili zilizopita nilimkuta amelifunga gitaa kwenye gunia la simiti, analipeleka kuliuza Athi River. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si uliona vile walifanyiwa pale kwa hema? Nikiwa mkubwa, mimi sitaki kuambiwa nipunguze sauti."

Niligombana naye mpaka akalirudisha ndani. Lakini sikumwambia amekosea, kwa sababu hakukosea. Alikuwa na miaka 15, akabeba amplifaya ya baba yake akiwa amevaa nguo ya kanisa, na tukamwonyesha kwa macho yake mwenyewe thamani ya kile anachokipenda. Watoto hawasikii hotuba zetu kuhusu utamaduni. Wanaangalia nani amepewa taa na nani amepewa jua.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Tarehe 30 Aprili, mimi sendi Nairobi. Tunatoa spika nje hapa kwetu Kinanie, mjomba na bendi yake wanapiga, binamu anapiga solo kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Nimeshachanga, majirani wamechanga, na wanamuziki wote watalipwa kabla ya wimbo wa kwanza. Bango nimelichora mimi mwenyewe. Majina yote yako kwa herufi saizi moja, na hakuna "na wengine wengi".

Tunaanza saa nane mchana. Usije saa moja usiku.